KUPIMIA BOMBA LA MOSHI KWENYE PAA LA MTEREMKO

Vikundi vingi vimejifunza kujenga jiko la kuni la udongo au la matofali. Wanajua kukanda udongo, wanajua mlango wa kuni uwe na upana gani, wanajua sufuria ikae vipi. Lakini wakifika kwenye bomba la moshi, kazi husimama. Wengine huliacha jiko bila bomba, na moshi huendelea kuwatoa machozi kama zamani. Wengine hutoboa paa kwa kukisia, na hao ndio wanaotutia hofu zaidi.

Moshi sio jambo dogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 pekee watu kama milioni 3.2 walikufa kwa sababu ya hewa chafu ya majumbani, nayo hutokana hasa na kupikia kuni, mkaa na mafuta ya taa. Wazee wa Amu walilijua hilo bila kuambiwa na mtu. Katika nyumba za mawe za mjini, jiko liliwekwa juu kabisa, kwenye kidari cha meko, ili moshi na joto viondoke bila kupita vyumbani. Anayejenga leo nyumba ya chini tu, yenye mabati na dari, hana kidari. Huyo ndiye anayehitaji dohani.

Somo hili ni la nyumba ya mabati yenye dari linalofuata mteremko wa paa. Kama jiko lako liko chini ya makuti, tafadhali usianze kupima. Soma kwanza sehemu ya makuti iliyo karibu na mwisho.

Kosa langu mwenyewe

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kufunga bomba kwenye jiko la kikundi cha kina mama, nje kidogo ya mji wa Amu. Walikuwa wakipika mahamri na viazi vya kuuza, tangu alfajiri. Jiko lilikuwa limekwisha kujengwa, limekauka, zuri kabisa. Mama mmoja akanivuta mkono akaniambia, "Mwanangu, fanya upesi, mato yangu hayaoni tena."

Basi nikafanya upesi. Nikasimama juu ya jiko, nikatia alama kwenye dari, nikachora duara kwa kulizungushia penseli bomba lenyewe, nikakata. Kisha nikachukua msumari mrefu nikaupigilia kupitia katikati ya tundu hadi ukatokea kwenye bati, ili nikipanda juu nijue pa kukata. Niliona nimefanya akili sana.

Kumbe nilikosea mara tatu. Duara halikutosha, ikabidi bomba lilazimishwe. Msumari niliupiga ukiwa umesimama sawasawa na dari, na kwa kuwa dari limelala upande, msumari nao ulikwenda upande. Nafasi kati ya dari na bati ilikuwa sm. 20, na tundu la juu likatokea sm. 12 chini ya mahali lilipopaswa kuwa, kuelekea ukingo wa paa. Bomba likalala. Tena likalala kuelekea kwenye mbao ya paa, likabaki nayo karibu upana wa kiganja tu.

Kina mama walifurahi, moshi ulitoka. Baada ya miezi michache mvua ikaanza kuvuja pembeni ya bomba, wakaniita. Nilipofungua dari niliiona mbao ile. Ilikuwa kahawia upande mmoja, na katikati imeanza kuwa nyeusi. Mbao inayopashwa joto kila siku hugeuka polepole kuwa kama makaa, na kadiri inavyogeuka ndivyo inavyohitaji moto mdogo zaidi kushika. Nilikaa juu ya ngazi ile muda mrefu kidogo. Watoto wa wale kina mama walikuwa wakilala chumba cha pili, chini ya dari hilo hilo.

Jiko lijengwe mwisho

Kosa la kwanza halikuwa langu peke yangu. Jiko lilijengwa kabla ya mtu yeyote kutazama paa. Jiko la udongo halisogei, na mbao za paa hazisogei. Ukianzia chini, bomba litakwenda mahali jiko linapotaka, hata kama hapo pana mbao. Kwa hiyo panda juu kwanza. Fungua dari kidogo, utazame mbao zilizolala kutoka ukingoni hadi kileleni, na zile nyembamba zilizokatiza juu yake ambazo mabati yamepigiliwa. Chagua nafasi iliyo katikati ya mbao mbili. Hapo ndipo bomba litapita. Jiko litalifuata bomba.

Ukiweza, chagua mahali karibu na kilele cha paa kuliko karibu na ukingo. Sababu yake utaiona tukifika kwenye urefu.

Pima mteremko

Vifaa: tepu, pima maji, ubao ulionyooka wa sm. 100, na timazi. Usiye na pima maji tumia mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani. Usiye na timazi tumia kamba ya mshipi na chubwi lake. Hapa kwetu nyumba gani itakosa chubwi?

Shika ubao ukiwa umelala sawa kabisa, ncha yake moja iguse dari, na ncha ya pili ielekee kileleni. Sasa kutoka ncha hii ya pili pima kwenda juu moja kwa moja hadi kwenye dari. Tuseme umepata sm. 60. Kisha pima kwa kufuata dari lenyewe, kutoka pale ubao unapogusa hadi alama ya juu. Utapata kama sm. 117.

Zishike namba hizi mbili. Ya kwanza inasema kwamba kila sm. 100 za kwenda mbele, paa linapanda sm. 60. Ya pili inasema kwamba kila sm. 100 za sakafuni ni sm. 117 zikipimwa juu ya mteremko. Huhitaji hesabu ya sekondari, tepu imekwisha kukufanyia.

Ndiyo maana duara halikutosha. Bomba likisimama wima na kupita kwenye kitu kilicholala upande, tundu lake huwa mfano wa yai. Upana haubadiliki, lakini urefu wa kufuata mteremko huongezeka. Tundu la bati kwa bomba la sm. 15, ukiacha sentimita moja kila upande, lina upana wa sm. 17. Urefu wake ni 17 mara 1.17, yaani karibu sm. 20.

Anayechukia hesabu ana njia nyingine, na mimi naipenda zaidi. Chora duara la sm. 17 kwenye kipande cha plaiwudi, ukilaze sakafuni mahali pa bomba. Weka alama nane kwenye mzingo wa duara. Mwenzako ashike timazi juu, asogeze kamba hadi chubwi likae juu ya alama ya kwanza, atie nukta pale kamba inapogusa. Kisha ya pili, hadi zote nane. Unganisha nukta, na lile yai litajitokeza lenyewe.

Kutoka dari hadi bati

Usitumie msumari kama mimi. Toboa tundu dogo kwenye dari, pale katikati ya bomba patakapokuwa. Mmoja apande ndani ya paa na timazi, agusishe kamba kwenye bati kwa ndani na kuliteremsha chubwi kupitia tundu hilo mpaka karibu na sakafu. Asogeze mkono polepole mpaka kamba ipite katikati ya tundu bila kugusa pembeni, na chubwi likae juu ya alama ya sakafuni. Hapo aliposhika ndipo katikati ya tundu la bati. Upepo wa kusi ukiingia dirishani na kulichezesha chubwi, litumbukize kwenye kopo la maji, litatulia.

Ukitaka kuhakikisha, pima nafasi kati ya dari na bati kwa mstari uliosimama sawa na dari, uizidishe kwa mpando. Sm. 20 mara 0.60 ni sm. 12. Hiyo ndiyo tofauti kati ya alama ya msumari na alama ya timazi, na ndizo zile sm. 12 zilizolilaza bomba langu.

Umbali wa mbao na moto

Hapa tafadhali soma polepole. Bomba la bati la ukuta mmoja likae mbali na mbao, plaiwudi, makuti au kitu chochote kinachoshika moto kwa sm. 45 kila upande. Watu wengi wakisikia hivyo hucheka, husema ni nyingi mno. Aliyeiona mbao nyeusi hacheki.

Tena sm. 45 hizo zipimwe zikiwa zimelala sawa, kutoka kwenye bomba, sio kwa kufuata mteremko. Ukipima sm. 45 kwa kufuata dari letu la mfano, kwa kweli umeacha sm. 38 tu. Ili upate 45 kamili lazima ufuate mteremko kwa karibu sm. 53.

Kwa hiyo sehemu ya dari ya kuondolewa ni hii: bomba sm. 15, ongeza 45 na 45, jumla sm. 105 kwa upana. Kwa urefu wa mteremko, 105 mara 1.17, karibu sm. 123. Plaiwudi yote ya sehemu hiyo itoke, na mahali pake pafungwe bati tupu lenye lile tundu la mfano wa yai katikati. Usijaze magunia, sufi wala karatasi juu yake. Hewa ipite.

Kama mbao za paa zimekaribiana chini ya sm. 105, itabidi moja ikatwe. Usiikate kabla ya kufunga mbao za kukatiza, juu na chini, za kupokea mzigo wake. Zile nyembamba zinazoshika mabati nazo zikatwe ndani ya sehemu hiyo, na badala yake ufunge engo aini ili bati lisibonyee. Kazi hii ni ya fundi wa mbao, sio ya kujaribu Jumamosi jioni. Gharama yake ni kubwa kuliko ya bomba, nami sitawaficha hilo. Vikundi vilivyoona haiwezekani vimejenga banda dogo la kupikia, lenye mabati yaliyoshikwa na chuma na lisilo na dari, karibu na nyumba, na nadhani hawakukosea.

Kwenye bati, nje

Kata tundu kwa mkasi wa bati, asubuhi kabla jua halijawa kali, na ukanyage pale penye misumari tu. Kuzuia mvua unahitaji sahani ya bati yenye shingo inayozunguka bomba. Makali yake ya upande wa kilele yaingie chini ya bati la juu, na makali ya upande wa ukingo yalale juu ya bati la chini. Wengi huipigilia yote juu, halafu wanashangaa kwa nini maji yanaingia.

Usilikaze bomba ndani ya shingo hiyo kwa saruji. Bomba la mita 3 likipata joto la digrii 200 zaidi hurefuka karibu milimita 7, na saruji itapasuka. Liache lipite huru, kisha lifunge mkanda wa bati wenye umbo la mwavuli juu ya shingo ili maji yateleze nje. Lami usiikaribishe hapo, huyeyuka na inaweza kuwaka.

Ndani ya nyumba, kila kipande cha juu kiingie ndani ya kipande cha chini, ili utomvu mweusi wa moshi urudi jikoni badala ya kuchuruzika ukutani. Kipande cha kwanza, kile kinachotoka jikoni, kiwe cha chuma kinene kisichopakwa zinki, kwani bati jipya likipata moto mkali hutoa moshi wa zinki unaodhuru kifua. Na ndani ya jiko usiweke mawe ya matumbawe karibu na moto. Wakazi wa visiwani wanajua jiwe hilo likichomwa kwenye tanuri huwa nini: chokaa. Litakumomonyokea.

Urefu juu ya paa

Kanuni ni mbili, na bomba lazima litimize zote. Lipande angalau sm. 90 juu ya pale linapotokea, na liwe juu kwa sm. 60 kuliko sehemu yoyote ya paa, ukuta au mti ulio ndani ya mita 3. Likiwa fupi, upepo ukipiga paa utausukuma moshi urudi chini, na kwetu pepo hazikosekani: kusi ikiisha, kaskazi inaingia.

Tuseme bomba liko sm. 150 kutoka usawa wa kilele. Paa letu linapanda 60 kwa kila 100, kwa hiyo kilele kiko juu kwa sm. 90. Ongeza 60, bomba lipande sm. 150 juu ya paa. Lingekuwa mbali, karibu na ukingo, tungehesabu mita 3 za paa linalopanda: sm. 180 na 60, jumla 240. Bomba refu hivyo ni la kuchezewa na kusi. Ndiyo sababu nilisema ukae karibu na kilele. Hata lile la sm. 150 lifunge kwa waya tatu.

Sasa ununuzi. Kutoka mdomo wa jiko hadi bati tuseme ni sm. 240. Ongeza 150, jumla 390. Vipande ni vya sm. 100, na mtu atanunua vinne. Lakini kila ungio linameza sm. 5, na vipande vinne vina maungio matatu. Unabaki na sm. 385, umepungukiwa. Nunua vitano. Safari ya boti ya kufuata kipande kimoja ni ghali kuliko kipande chenyewe.

Kama ni makuti

Usipitishe bomba kwenye makuti. Najua wapo waliopitisha na nyumba bado zimesimama. Makuti makavu hushika kwa cheche moja, na masizi ndani ya bomba yenyewe huweza kuwaka siku moja na kulifanya bomba jekundu. Makuti yakishika, nyumba ya jirani haina muda.

Kuna bibi wa Matondoni aliyenijibu kwamba moshi ndio unaoyalinda makuti, hufukuza wadudu na kuyakausha. Sikuweza kumpinga, kwani ni kweli kwamba paa lililozoea moshi likiukosa huanza kuliwa. Lakini paa hubadilishwa, kifua hakibadilishwi. Nilimshauri atenge banda la kupikia lenye paa la bati, upande wa magharibi wa nyumba. Kaskazi hutoka kaskazini mashariki, kusi hutoka kusini na kusini mashariki, na upepo wa mchana hutoka baharini, mashariki. Banda likiwa magharibi, pepo zote hizo hupeleka cheche mbali na nyumba. Ila tazama kwanza nyumba ya jirani iko upande gani.

Wengine huuliza, si tutumie mkaa tu? Mkaa una moshi kidogo, lakini una hewa ya sumu isiyonuka wala kuonekana. Usifunge madirisha.

Na walio ndani ya Mji wa Kale wa Lamu, ulio katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, wasitoboe paa wala ukuta kabla ya kuiuliza ofisi ya uhifadhi ya Makumbusho.

Baada ya kufunga

Siku ya kwanza washa moto mdogo, kisha mkubwa, na baada ya saa moja weka kiganja kwenye mbao iliyo karibu zaidi na bomba. Iwe ya uvuguvugu tu. Kama huwezi kuuacha mkono hapo, zima moto, kazi haijaisha. Futa masizi mara kwa mara. Jiko la biashara linalowaka kila siku lifutwe kila mwezi. Chumvi ya bahari hula bati kwa nje na masizi hulila kwa ndani, kwa hiyo kila kusi inapoisha ligonge kwa kijiti toka chini hadi juu. Linapotoa sauti ya kopo bovu, badilisha kipande hicho.

Zoezi la kikundi

Dari linapanda sm. 75 kwa kila sm. 100. Ukipima kwa kufuata mteremko unapata 125. Bomba ni la sm. 12, na nafasi kati ya dari na bati ni sm. 16. Tafuta ukubwa wa tundu la bati, ukubwa wa sehemu ya dari ya kuondolewa, na msumari uliopigwa sawa na dari ungekosea kwa kiasi gani. Mfanye wenyewe kabla ya kutazama hapa chini.

Jibu: tundu ni sm. 14 kwa 17.5. Sehemu ya dari ni sm. 102 kwa 127.5. Msumari ungekosea kwa sm. 12, kuelekea ukingo wa paa.